Barua ya wazi kwa mnaotengeneza kompyuta na mifumo endeshi: sauti ianze pale kompyuta inapowaka

Kwenu wakubwa mnaosimamia Windows, macOS, ChromeOS na hizi Linux za kila aina, pamoja na nyie ambao huwa hamtajwi kabisa kwenye mambo haya, mnaoandika BIOS na UEFI, yaani faimwea, zile programu za kwanza kabisa kuwaka, zinazokaa kwenye mazabodi. Salaam.

Naandika kama mtu asiyeona na pia kama fundi, maana kazi yangu ni kupiga (yaani kusakinisha) Windows, kupiga Linux, kubadilisha diski na kufufua laptopu zilizogoma, na kazi hiyo naifanya kwa masikio na vidole. Huruma sihitaji. Nina malalamiko ya kiufundi na nitayaeleza kiufundi, kwa hiyo atakayeipokea barua hii naomba asiipeleke kwa watu wa matangazo, wale wa picha za watu wanaotabasamu, aipeleke kwa mainjinia na kwa yule anayesaini kwamba toleo sasa litoke.

Jambo lenyewe ni hili. Mfumo ukishawaka ukafika kwenye desktopu, leo hii mtu asiyeona anafanya karibu kila kitu, anaandika kodi, anafanya mahesabu, anahariri sauti, anasimamia sava. Tatizo liko kabla ya hapo. Kuanzia unapobonyeza swichi mpaka kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini) kinapoamka kuna kipande cha muda ambacho kompyuta ni bubu, na kwa bahati mbaya ndani ya kipande hicho ndipo yanapoamuliwa mambo mazito kuliko yote: ibuti (ianze kuwaka) kutoka wapi, diski ipi ifutwe, paswedi ya kufungua diski ni ipi, ufunguo wa kurejesha mfumo uandikwe wapi. Yaani pale ambapo kosa moja linafuta miaka ya kazi ya mtu ndipo mlipotuacha bila sauti.

Najua mtaniambia mmepiga hatua. Ni kweli na sitaki kuwa mtovu wa shukrani. VoiceOver, kisoma skrini cha Apple, iliingia ndani ya Mac mwaka 2005, NVDA ya Windows ikaanza 2006 ikiwa ya bure, 2009 iPhone 3GS ikatoka na kisoma skrini ndani yake na ghafla ikawezekana mtu asiyeona kununua simu, kufungua boksi na kuisetia mwenyewe. Kwenye Android unashikilia vitufe viwili vya sauti na TalkBack inaanza kuongea hapo hapo kwenye ukurasa wa kwanza. Chromebook ndiyo imenifurahisha kuliko zote, ukikaa kimya kidogo kwenye skrini ya mwanzo yenyewe inakuuliza kwa sauti kama unataka ChromeVox, unabonyeza spesi, basi. Na Mac hata ukiingia kwenye mazingira ya urejeshaji, Command na F5 inakuletea VoiceOver, unaweza kufuta diski na kupiga upya mfumo bila kumwita mtu.

Kwa hiyo inawezekana, na ndiyo maana naudhika zaidi. Ingekuwa haiwezekani ningenyamaza.

Tuanze na PC za kawaida maana huko ndiko kwenye kilio. Umenunua diski mpya, umeifunga mwenyewe (kufunga skrubu hakuhitaji macho), umeandaa flashi yako ya kubuti, umechomeka, umewasha. Sasa kuna kitufe cha kuingia kwenye menyu ya kubuti, na kila kampuni imechagua cha kwake, huyu F12, yule F2, mwingine Esc, mwingine Delete, mwingine F9, na kinatakiwa kubonyezwa ndani ya sekunde chache ambazo hakuna kinachokuambia zimeanza au zimeisha. Unagonga gonga kitufe ukisubiri, halafu kimya. Hicho kimya kinaweza kuwa na maana ya kwamba umeingia kwenye menyu, au uko kwenye setingi za BIOS, au mashine imesema hakuna kitu cha kubuti, au imeshaingia Windows ya zamani na inasubiri paswedi, au imekufa kabisa. Yote hayo sauti yake ni moja.

Zamani BIOS zilikuwa za maandishi matupu, na sisi mafundi tusioona tulikuwa tunakariri. Shuka mara nne, kulia mara moja, Enter, panda, F10, Enter. Tulikuwa tunapeana hayo kwa sauti zilizorekodiwa kama watu wanavyopeana dua. Siku hizi menyu ni picha zenye mausi, zinabadilika kila apudeti ya BIOS, na ulichokariri mwezi uliopita leo kinakuzimia kadi ya mtandao au kinakubadilishia namna diski inavyosomwa, Windows iliyokuwa nzima ikagoma kuwaka. Halafu mteja anauliza umeifanya nini mashine yangu.

Na hapa ndipo kuna kitu ambacho mainjinia wa faimwea wanakijua vizuri ila hawakisemi hadharani. Kwenye spesifikesheni ya UEFI kuna sehemu inaitwa HII, ambayo kazi yake ni kuhifadhi maneno ya menyu na fomu zake kama data, pembeni kabisa na uchoraji wa skrini, ili menyu ile ile iweze kuonyeshwa kwa lugha tofauti na kwa njia tofauti. Kwa maneno mengine ule mti wa menyu wenye majina, chaguo na maelezo tayari upo ndani ya mashine ukiwa maandishi, unasubiri tu mtu wa kuupeleka kwenye sikio au kwenye kidole. Kisoma skrini chochote duniani kinaanzia hapo hapo, kwenye maandishi yenye mpangilio. Kazi ngumu mlishaifanya, mkaiacha njiani.

Kichekesho kingine ni sava. Sava mnazouza bei ya juu zina namna ya kutuma menyu zote za BIOS kama maandishi kupitia poti ya siriali, au kupitia mtandao kwa IPMI, njia ya kusimamia sava kwa mbali, na siku hizi kuna Redfish pia iliyotoka 2015. Nakaa na laptopu yangu yenye kisoma skrini, naingia kwenye sava iliyoko jengo lingine kabisa, nasoma BIOS yake mstari kwa mstari, nabadilisha, nahifadhi, narestati. Sasa hiyo laptopu iliyoko mapajani mwangu, BIOS yake siwezi kuisoma. Naomba mtu mmoja wenu anieleze hilo akiwa hacheki.

Mtasema sauti kabla ya mfumo endeshi ni kazi ngumu, kila kompyuta ina kadi yake ya sauti, draiva (programu ya kuendesha kifaa) hakuna, nafasi kwenye chipu ni ndogo. Haya, tuongee. Mac zilianza kutoa mlio wa kuwaka 1984, kabla mfumo haujaanza kusoma chochote kwenye diski. PC za miaka mingi zinapiga bipu kueleza kwamba ramu imekosekana. Na kuna bootloader (programu inayoanzisha mfumo endeshi) inaitwa OpenCore, inayotumiwa sana na wale wanaopiga macOS kwenye PC za kawaida, ambayo ina setingi ya kuisoma menyu kwa sauti, kwa draiva ya sauti inayofanya kazi ndani ya UEFI na faili zilizorekodiwa za maneno ya menyu. Walioifanya ni watu wa kujitolea. Nyie mna vitengo vizima vya mainjinia mnaowalipa mishahara, na nafasi ya kuweka logo kubwa ya kampuni wakati wa kuwaka haijawahi kukosekana. eSpeak NG, ile sauti ya kiroboti ambayo wengi wetu tumeizoea, pamoja na lugha zake zaidi ya 100 na Kiswahili kimo, ni megabaiti chache tu, na ukichukua lugha moja peke yake inapungua sana. Isipotosha kwenye chipu, ikae kwenye ile patisheni (sehemu ya diski) ya EFI au kwenye flashi ninayochomeka mimi mwenyewe.

Na kama sauti ni ngumu kweli kweli basi anzeni na maandishi. Mwaka 2018 ulitangazwa utaratibu mmoja wa USB kwa ajili ya vifaa vya nukta nundu (vinavyoonyesha maandishi ya kusoma kwa vidole), HID, ili kifaa chochote kikichomekwa kieleweke bila draiva ya peke yake, na Microsoft, Apple na Google wote walikuwemo kwenye kuutengeneza. Faimwea zenu tayari zinaelewa kibodi za HID, ndiyo maana mtu anaweza kubonyeza F2 kwenye kibodi ya USB kabla hakujawaka chochote. Kutuma mstari mmoja wa maandishi kwenye kifaa cha aina hiyo hiyo hakuhitaji kadi ya sauti wala draiva ya sauti. Na asiye na kifaa cha nukta nundu (vifaa vyenyewe ni ghali, wengi hawana) mpeni maandishi hayo kupitia kebo ya USB ayasome kwa simu yake au kwa kompyuta ya pili. Hiki ni kile kile mnachowapa watu wa sava.

Kuna njia nyingine ambayo nyie mnaiita ya ziada na mimi naiona ndiyo ya haraka kuliko zote, kubadilisha setingi za BIOS ukiwa ndani ya mfumo endeshi ambapo kisoma skrini kinafanya kazi. Kwenye Linux tangu 2022 programu ya fwupd inaweza kuorodhesha setingi za BIOS na kuzibadilisha kwa amri, kwenye mashine ambazo mtengenezaji amezifungua. Laptopu za kiofisi za Dell, HP na Lenovo zina vifaa vya namna hii ili watu wa IT wa makampuni makubwa wasetie mashine elfu moja kwa mpigo. Ila ukishuka kwenye laptopu ya kawaida ya mwanafunzi huduma hiyo haipo. Sasa nani ana shida nayo zaidi, kampuni lenye idara nzima ya IT au mwanafunzi asiyeona aliye peke yake chumbani?

Nimesema sana kuhusu BIOS, tuingie kwenye kupiga mfumo wenyewe.

Windows. Narrator, kisoma skrini cha Windows, ipo tangu Windows 2000, ila kuweza kuiwasha ukiwa unapiga Windows kutoka kwenye flashi kulikuja 2017 na Windows 10, unabonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Miaka yote ya katikati watu walikuwa wanaandaa faili la majibu, unaandika kila kitu humo mapema, patisheni, jina, lugha, unawasha unakaa unaomba Mungu. Sasa Narrator ipo, asanteni, lakini ipo kwa sharti kwamba flashi ya kupigia iwe na draiva ya kadi yako ya sauti. Laptopu mpya nyingi draiva hiyo humo haimo. Kwa hiyo unabonyeza vitufe vitatu, Narrator inawaka kweli, inaongea kweli, ila sauti haitoki popote, na wewe hujui kama haijawaka au imewaka ikawa bubu, unabonyeza tena, kumbe umeizima. Mafundi wenzangu wengi siku hizi wanatembea na kadi ndogo ya sauti ya USB mfukoni, maana hiyo ya aina ya kawaida mara nyingi inatambuliwa. Mimi pia ninayo. Hivi mtu wa kawaida atajuaje hilo?

Linux napo ni mchanganyiko. Debian, moja ya hizo Linux za kila aina, nawapa heshima yao. Kwenye Debian 7, mwaka 2013, walifanya iwezekane kupiga mfumo kwa sauti ya programu bila kifaa cha nukta nundu, unabuti, unasikia bipu ya kwamba menyu imefika, unabonyeza s kisha Enter, mashine inaanza kuongea. Baadaye wakaongeza kwamba usipogusa kitu kwenye ile menyu, baada ya muda inajianzisha yenyewe kwa sauti. Na kuna kitu kidogo walichokifanya ambacho wengine wote hukisahau: ukipiga kwa sauti, mfumo uliopigwa unazaliwa na sauti. Maana zipo nyingine ambazo kwenye flashi Orca, kisoma skrini cha Linux, inaongea vizuri, unabonyeza Alt, Super na S, unapiga mfumo mpaka mwisho, unarestati, kimya. Umehamia nyumba yako mwenyewe na mwenyeji hayupo.

Hata hao Debian sauti yao ilikuwa inakwama kwenye laptopu mpya kwa sababu ya sera. Kadi za sauti za siku hizi nyingi haziwezi kutoa hata mlio bila faili za faimwea za mtengenezaji, na faili hizo kwa sababu si huria zilikuwa hazimo kwenye picha rasmi ya kupigia, yaani lile faili zima linalochomwa kwenye flashi. Mwaka 2022 walipiga kura wakakubali kuziweka, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikatoka nazo. Mabishano yalikuwa marefu kuhusu uhuru wa programu, na mimi huo uhuru naupenda sana, ila uhuru wa mfumo ambao siwezi kuupiga mwenyewe ni uhuru wa mtu mwingine. Raspberry Pi nao nawataja kwa wema, ukiwasha mara ya kwanza mfumo wao wa desktopu, ukikaa bila kufanya kitu unasikia sauti ikikuambia vitufe vya kubonyeza kupata kisoma skrini, na ukitaka unaweza kuandaa jina, paswedi na waifai mapema kabla hata ya kuchoma kadi. Kama kakompyuta kadogo vile kanaweza basi hii ya bei kubwa imeshindwa nini.

Sasa niende kwenye sehemu inayonikosesha usingizi, ni paswedi na funguo.

Mmeanza kufunga diski kwa ufunguo wa siri kama kawaida kwenye mashine nyingi, na ni jambo jema. Lakini ile skrini inayouliza paswedi ya diski inakuja kabla ya mfumo, kwa hiyo ni bubu. Linux yenye LUKS, ufungaji wake wa diski, inasimama gizani ikisubiri paswedi, bila mlio, na ukikosea herufi moja inauliza tena kimya kimya kama vile hakuna kilichotokea. BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows, nayo, siku ikiamua kwamba haikuamini, labda kwa sababu ya apudeti ya BIOS, inataka tarakimu 48. Arobaini na nane! Kwenye skrini ya mwanzo kabisa isiyosoma chochote. Ukibahatika kufika kwenye mazingira ya urejeshaji ya Windows, huko Narrator unaweza kuiwasha, na mimi nasema hiyo ndiyo ingekuwa kawaida kwa kila skrini ya aina hiyo, ila mpaka ufike.

Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024? Apudeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, ilizigomesha kompyuta za Windows ambazo Microsoft wenyewe walikadiria ni milioni 8.5. Dawa yake ilikuwa kuingia kwenye mazingira ya urejeshaji au hali salama ukafute faili moja, na wenye BitLocker waliombwa zile tarakimu 48 kwanza, mashine moja baada ya nyingine. Dunia nzima iliimba siku ile kuhusu viwanja vya ndege. Mimi nilikuwa namfikiria mtu wa IT asiyeona ambaye siku zote anafanya kazi yake vizuri kuliko wenzake, na siku ile moja ambayo kazi ilihitaji mikono yote yeye alilazimika kukaa pembeni, kwa sababu tu skrini ile haiongei. Bosi hataandika kwenye ripoti kwamba ni skrini. Ataandika kwamba ni yeye.

Halafu kuna ile skrini ya bluu ya Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini tu wakati wa kuwaka) kwenye Linux, MokManager. Umeweka draiva ya kadi ya picha, mfumo unakuambia restati uthibitishe ufunguo. Unarestati, inakuja skrini kwa sekunde kumi ikisema bonyeza kitufe chochote. Usipobonyeza inaendelea kuwaka kama kawaida na ombi lako limepotea, rudia mwanzo. Asiyeona hajui skrini ilikuja saa ngapi wala iliondoka saa ngapi, anachojua ni kwamba draiva haifanyi kazi na kwenye intaneti kila mtu anamwambia ni rahisi tu, bonyeza kitufe.

Kwa hiyo tunafanyaje? Tunatumia macho ya kuazima. Kuna Seeing AI tangu 2017, unaelekeza kamera ya simu kwenye skrini inajaribu kusoma, kwenye skrini nyeusi yenye maandishi madogo ya kijivu na mwanga unaong'aa inasoma nusu, na kipi kati ya vilivyoandikwa ndicho kimechaguliwa, hilo kwa kawaida haikuambii, na hilo ndilo swali lenyewe. Kuna Be My Eyes tangu 2015, mtu wa kujitolea anakuangalizia kwa video, watu wazuri sana, Mungu awabariki. Lakini tafakarini kidogo mnachonilazimisha. Ufunguo wa diski, kile kitu mlichokitengeneza makusudi asikione mtu yeyote duniani isipokuwa mwenye mashine, namsomesha mgeni nisiyemjua kwa video ya moja kwa moja. Hapo usalama wenu uko wapi? Wapo wanaonunua kifaa cha kunasa picha ya HDMI wakaipeleka kwenye kompyuta ya pili na programu ya kutambua maandishi. Inafanya kazi, kiasi. Kompyuta mbili ili kuwasha moja.

Nilishawahi kuandikia kampuni moja, jina siliweki, kuuliza kama BIOS yao inaweza kutoa hata bipu menyu ikifunguka. Jibu lilikuja kwa adabu sana kwamba niombe msaada wa mtu anayeona. Sikujibu. Mtu anayeona ninaye, tena wengi, na baadhi yao ndio wateja wanaoniletea mashine zao niwatengenezee.

Kuhusu sheria sitakaa sana, mna wanasheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na kifungu cha 9 kinataka teknolojia ya habari iandaliwe iweze kufikiwa tangu hatua za mwanzo za kubuniwa kwake ili gharama iwe ndogo. Ulaya sheria yao ya ufikivu, Direktiva 2019/882, imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na inataja kompyuta za matumizi ya kawaida pamoja na mifumo endeshi yake, waziwazi kabisa. Na kile kiwango cha Ulaya, EN 301 549, kwenye kipengele cha 5.2 kinasema kitu ambacho ningekibandika ukutani kwenye kila ofisi yenu: huduma ya kumsaidia mtu lazima iweze kuwashwa bila kutumia njia ambayo mtu huyo hawezi kuitumia. Tafsiri yake kwa mtaani, msinifiche kitufe cha kuwasha sauti ndani ya menyu ambayo inahitaji macho kuiona. Kwa makadirio ya 2020 tusioona kabisa duniani tulikuwa kama milioni 43, kwa hiyo msinipe ile hadithi ya kwamba soko ni dogo.

Ninachoomba sasa. Nyie wa faimwea, bipu moja menyu ya kubuti ikifunguka na nyingine tofauti ya BIOS, hilo ni la wiki hii, mkijua kwamba laptopu nyingi hazina tena ile spika ndogo ya zamani hivyo bipu ipite kwenye spika za kawaida. Baada ya hapo yatoeni maandishi ya HII nje kwa USB. Na setingi zote, kwa modeli zote, ziweze kusomwa na kubadilishwa kutoka ndani ya mfumo endeshi, msiziache kwa laptopu za mabosi peke yao. Kitufe cha kubuti kubalianeni kiwe kimoja, mmeshindwa kukubaliana miaka yote hii kwa sababu gani sijui.

Nyie wa mifumo endeshi, kila skrini inayoweza kumsimamisha mtu iweze kuongea, iwe ya kupigia, ya kurejesha, ya paswedi ya diski, ya kuthibitisha ufunguo, na ile ya kusema mfumo umeharibika. Draiva za sauti na faimwea zake ziingie zote kwenye flashi, na kisoma skrini kikiwaka kijaribu matokeo yote ya sauti, spika, hedifoni, HDMI, USB, kimoja baada ya kingine, kikiuliza bonyeza Enter kama unanisikia, mpaka kipate jibu. Kuna usambazaji wa Linux ambao hutoa sauti kwa kila kadi inayopatikana na mtu huchagua ile anayoisikia, wala si uchawi. Nilichochagua wakati wa kupiga kihamie kwenye mfumo uliopigwa, kwenye skrini ya kuingilia na kwenye akaunti ya kwanza.

Na nyie mnaosaini matoleo, hili ndilo kubwa kwangu. Sauti ya kupigia ikiharibika, toleo lisitoke. Msitoe leo halafu mkaahidi kwamba itarekebishwa kwenye apudeti ya mwezi ujao, maana apudeti inaingia kwenye mfumo ambao tayari umepigwa, na mimi ndiyo nimekwama kuupiga. Skrini ikiwa nyeusi kwa anayeona mnasimamisha toleo usiku huo huo bila kikao. Sauti ikikatika inaandikwa kama hitilafu ndogo, inapewa namba, inalala humo miaka. Nimeziona tiketi hizo, zingine ni za kwangu.

Wapimaji mnao tayari, sisi tupo tele, ila tulipwe kama mnavyowalipa wengine, na picha za kupigia tuzipate wakati bado kitu kinaweza kubadilishwa, siyo siku mbili kabla ya sherehe za uzinduzi. Mkituma tutapiga kwenye mashine za kweli, mpya na kuukuu, zenye diski zilizofungwa na zisizofungwa, na tutawaandikia kila mahali palipokuwa kimya na kilichotokea kabla yake. Mashine yangu ya majaribio iko tayari, kadi ya sauti ya USB imechomekwa.

Ni mimi,
fundi asiyeona